Namna ya kuusema ustadi wa mtu kwa Kiingereza: mwongozo kwa manahodha, mafundi, wapishi na waongozaji wa Lamu na Malindi

Mgeni aliyeko London au Milan akitafuta mashua ya kumpeleka kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, nahodha hamwoni. Anachokiona ni sentensi mbili tatu za Kiingereza kwenye simu yake, na kwa sentensi hizo anaamua kama atawapakia wanawe chomboni. Mchongaji wa milango naye yuko vivyo hivyo. Mkono wake unajulikana mtaa mzima, ila maneno aliyoandikiwa na kijana wa ofisini humfanya aonekane mwanafunzi wa juzi, na mara nyingine, kwa neno moja lililokosewa, aonekane tapeli.

Kwa Kiswahili hatupati taabu. Tuna fundi, stadi, hodari, mahiri, mzoefu, gwiji, bingwa, mtaalamu na aliyebobea, na kila mmoja wetu anajua lipi zito na lipi jepesi. Kiingereza nacho kina ngazi zake, halafu kina kineno kidogo kinachofuata sifa, "at", "in", "with" au "on", ambacho kikibadilika maana hubadilika nacho. Mwongozo huu unaanzia kwenye ukweli wa mtu mwenyewe na kuishia kwenye sentensi iliyo tayari kutumwa.

Hatua ya kwanza: uandike ukweli kwa Kiswahili

Usiguse Kiingereza kabla hujapata majibu manne. Kazi yake hasa ni ipi? Aliianza mwaka gani, na je, bado anaifanya? Alijifunza kwa nani, na ana karatasi gani? Kuna kitu gani ambacho mgeni anaweza kukiona kwa macho: mlango uliopo mahali fulani, picha, mashua inayoelea?

Ongeza la tano, ambalo watu hulikwepa: hawezi nini? Nahodha asiyezijua injini, mwongozaji asiyejua Kijerumani, mpishi asiyeoka keki. Jibu hili ndilo litakalokuokoa baadaye, kwa sababu sifa ya ustadi ni ahadi, na mgeni wa Kizungu huishika kama ilivyoandikwa.

Hatua ya pili: jina la kazi

Neno "fundi" lina wigo mpana kuliko neno lolote moja la Kiingereza, kwa hiyo usilitafutie mwenzake. Taja kazi. Fundi umeme ni "electrician", fundi bomba ni "plumber", mwashi ni "mason", seremala ni "carpenter", mchongaji ni "woodcarver", fundi cherehani ni "tailor". Waunda vyombo wa Matondoni ni "boatbuilders". Ukiandika "technician" kwa mwashi, msomaji atadhani anatengeneza mitambo. Neno "handyman" litumie kwa mtu wa marekebisho madogo madogo ya nyumbani tu, wa bawaba na vitasa. Ukimwita hivyo mchongaji wa milango umemteremsha ngazi nyingi.

Kosa linaloonekana kila siku kwenye matangazo ya nyumba za kupanga ni "She is a good cooker." Neno "cooker" ni jiko. Mpishi ni "cook", na "chef" ni mkuu wa jikoni au mpishi aliyesomea hoteli. Kwa njia hiyo hiyo mwongozaji ni "guide", kamwe si "guider". Mchongaji ni "carver", kwa herufi "a". Ikiwekwa "u" linakuwa neno lingine.

Hatua ya tatu: ngazi

Anza chini. Anayejifunza ni "a trainee" au "an apprentice". Neno la pili lina heshima yake, maana linaonyesha kuwa yuko chini ya fundi anayemlea kikazi. Anayejua mambo ya msingi ana "a basic knowledge of" kitu hicho. Anayejua kiasi cha kufanya kazi bila kusimamiwa, ila bila kina, ana "a working knowledge of" kitu hicho.

Juu yake yuko "skilled", ambalo ndilo neno la kazi kuliko yote. Linafaa kwa mwashi, mchongaji, fundi wa mashua, msusi na mpaka hina, na halitii chumvi. Hapo karibu yuko "experienced", yaani mzoefu. Haya mawili yasichanganywe. "Skilled" inasema mkono wake ni mzuri, "experienced" inasema ameifanya kazi muda mrefu. Kijana wa miaka 22 anaweza kuwa "skilled" bila kuwa "experienced". Nahodha anahitaji yote mawili, na mgeni mwenye watoto hutafuta la pili kwanza.

"Highly skilled" na "very experienced" ni ngazi ya juu yake. Kisha anakuja "expert", na hapa ndipo wengi wanapochafua. Neno hili liachie mtu ambaye mafundi wenzake humwendea kuuliza. Juu kabisa, katika kazi za mikono, kuna "master", kama "master carver" au "master boatbuilder". Hilo ni kwa fundi aliyekwisha kulea mafundi wengine. Lamu wapo wanaostahili kuitwa hivyo, na kwao liandikwe bila haya. Ukimpa neno hilo kila mwenye patasi, litakosa thamani kwa wanaolistahili.

Neno "qualified" liko nje ya ngazi hii. Linahusu cheti. Mtu mwenye miaka 40 kazini bila karatasi si "qualified", na aliyehitimu mwezi uliopita ni "qualified" ingawa mkono wake bado mzito. "Licensed" ni mwenye leseni, na maana yake leseni ambayo haijaisha leo. "Certified" ni aliyethibitishwa na chombo fulani, na chombo hicho kitajwe.

Fundi asiye na cheti asiandikwe "untrained" wala "unqualified". Ni kumvunjia heshima, na "untrained" pia si kweli, kwani amefunzwa, ila hakufunzwa darasani. Andika "He learned the trade from his father", au "She trained under her aunt", au "He comes from a family of boatbuilders". Aliyejifunza peke yake ni "self-taught", na kwa msomaji wa Kiingereza neno hilo ni sifa nzuri. Kwa wateja wa samani na milango, sentensi ya "from his father" mara nyingi huuza kuliko cheti.

Hatua ya nne: kineno kinachofuata

Hapa ndipo panapohitaji subira. Kwa kuwa kwetu "katika" hutosha kila mahali, mkono huandika "in" kila mahali: "good in cooking", "good in sailing". Mgeni atakuelewa, lakini ataona papo hapo kuwa Kiingereza kimeteleza.

"Good at" huenda na tendo: "good at carving", "good at reading the tides". "Good with" huenda na kile unachokishika au unayekaa naye: "good with engines", "good with his hands", "good with children". "Good for" ni habari ya kufaa au ya afya, kama samaki walivyo "good for you". Ukiandika nahodha ni "good for sailing" umemfanya chombo. "Good to" ni kutendea wema: "He was very good to us."

"Skilled at" hupenda tendo, "skilled in" hupenda fani: "skilled at mending sails", lakini "skilled in traditional lime plaster", kwa mwashi wa zile kuta zenye zidaka.

"Expert" ina vineno vitatu, na tofauti yake ina faida kwetu. "An expert in" ni wa fani: "an expert in boatbuilding". "An expert at" ni wa tendo: "an expert at handling a dhow in strong wind". "An expert on" ni wa mada anayoijua na kuieleza: "an expert on the history of Lamu". Mwongozaji wa magofu ya Gede ni "an expert on the ruins". Ukiweka "in the ruins" utakuwa umesema mtaalamu fulani yumo ndani ya magofu. "An expert of" haipo.

"Experience" nayo ina mikono mingi. "Experience in" ni ya fani au biashara, "experience in boatbuilding". "Experience with" ni ya vifaa na watu, "experience with large groups". "Experience as" ni ya cheo, "experience as a cook". Neno hili likiwa na maana ya uzoefu halina wingi. "Many experiences" ni mambo mengi yaliyompata mtu, ambayo ni habari nyingine kabisa. "Expertise" nayo haina wingi.

Mengine yakariri jinsi yalivyo: "specialise in", "trained in", "proficient in", "fluent in", "qualified as", "known for". Na baada ya kineno chochote cha haya, kitenzi huchukua mkia wa "-ing". "Good at to cook" na "experienced in build" ni makosa. Sahihi ni "good at cooking", "experienced in building".

Kuna mtego wa "kujua" pia. Kwetu "anajua kuogelea" ni sentensi kamili. Ukihamisha moja kwa moja unapata "He knows to swim", na hiyo sicho Kiingereza cha maana hiyo. Sema "He can swim" au "He knows how to swim". Kwa sifa ya kazi, "can" ndiyo safi zaidi: "She can cook for twenty people."

Hatua ya tano: wakati

Sentensi ya Kiswahili "amejenga mashua miaka ishirini" inaonyesha kwamba bado yumo. Wengi huigeuza "He built boats for twenty years", na msomaji anaelewa kwamba mzee amestaafu. Kazi inayoendelea huandikwa "He has been building boats for twenty years." "For" huenda na urefu wa muda, "since" huenda na mwanzo wake: "since 2003". "He is building boats since 2003" ni kosa linalosikika sana pwani yetu, na marekebisho yake ni hayo hayo: "has been building".

Hatari zaidi ni "used to". Angalia sentensi hizi mbili. "She used to cook for large groups" ni zamani alikuwa akipikia makundi makubwa, siku hizi hafanyi. "She is used to cooking for large groups" ni amezoea kuyapikia. Kinachozitenga ni "is" na mkia "-ing", lakini ya kwanza inamnyima kazi na ya pili inampa. Neno letu "amezoea" likikujia kichwani, hakikisha "is" au "am" imekaa mahali pake.

Miaka ya uzoefu huandikwa "fifteen years' experience", na ile alama ya juu huja baada ya "s". Ukiiogopa alama, andika "fifteen years of experience", ambayo ni sahihi vilevile. "Fifteen years experience" bila alama imezoeleka hata kwa Waingereza wenyewe, ila kwenye barua rasmi itaonekana. "I am having experience" iache kabisa, useme "I have".

Na ukijisemea mwenyewe, usianze na "Am". "Am an experienced captain" ni mazoea ya ujumbe wa simu Kenya nzima, lakini kwa mgeni ni sentensi isiyo na mtendaji. Andika "I am" au "I'm".

Nahau, na mahali pa kuzitumia

Nahau moja katika maelezo ya sentensi nne inatosha. Mbili zinasikika kama mtu anayekariri.

Inayotufaa kuliko zote ni "know the ropes". Ilizaliwa kwenye meli za matanga, na yeyote aliyewahi kushika henza na demani anaielewa bila kufafanuliwa: baharia mpya hafai mpaka aijue kila kamba na kazi yake. Siku hizi hutumika kwa kazi yoyote. Lakini ipime. Maana yake ni kujua shughuli za mahali zinavyokwenda, na haifiki kwenye ubingwa. Inamfaa mfanyakazi wa mapokezi ambaye sasa hahitaji kuelekezwa. Kwa nahodha mkongwe ni ndogo mno. "Learn the ropes" ni kujifunza shughuli hizo, na "show someone the ropes" ni kumwonyesha mwingine.

Kwa mkongwe kuna "seasoned", neno ambalo waunda vyombo watalipenda. Ubao uliokauka vizuri kabla ya kupigwa msumari ni "seasoned timber", na mtu aliyepitiwa na misimu mingi ni "a seasoned sailor". Ubao mbichi ni "green wood", na mtu asiye na uzoefu ni "green", sawasawa na sisi tunavyosema fulani bado mbichi. "Seasoned" itumie kwa safari, bahari, biashara. Kwa mpishi iepuke, kwa sababu chakula kilichotiwa viungo nacho ni "seasoned", na sentensi itachekesha.

"Know something like the back of one's hand" ni ya mahali. Nahodha anayejua kupita mkondo wa Mkanda maji yakiwa yanapwa, anayejua bamvua litamfikisha wapi na maji mafu yatamkwamisha wapi, huyo "knows the channels around Manda like the back of his hand". Usiitumie kwa ufundi. Kwa ufundi na vitu ipo "inside out": "He knows outboard engines inside out."

"An old hand at" ni mzoefu wa jambo, na "hand" hapo ni mfanyakazi. Neno "old" halimzeeshi mtu. "A dab hand at" ni bingwa wa jambo dogo la mkono, "a dab hand at opening oysters". Ni ya Waingereza, ya mazungumzo, na Mmarekani anaweza asiielewe. Isiingie kwenye barua ya kazi.

Kuna kundi la kipaji. "Have a knack for" ni kuwa na ujanja mzuri wa kufanya jambo ambalo wengine hulihangaikia. "Have an eye for" ni jicho la kuchagua: mchongaji mwenye "an eye for good timber". "Have an ear for" ni ya sikio, na vijana wengi wa Malindi waliokipata Kiitaliano ufukweni bila kukaa darasani wana "an ear for languages". "Have a way with" ni kujua kuwaweka sawa viumbe. Kwa mwenye punda wa Shela, "He has a way with donkeys" ni sifa kamili. Mtunza bustani mwenye mkono wa kupanda ana "green fingers" kwa Mwingereza na "a green thumb" kwa Mmarekani.

"Jack of all trades" iache. Inaweza kutolewa kama sifa, ila wasomaji wengi wataimalizia wenyewe kwa kusema mtu huyo hakuna anachokiweza sawasawa. Kama mtu ana kazi tatu, zitaje zote tatu, au sema "versatile".

"Rusty" ni ya uungwana sana kwa aliyewahi kujua na sasa ana kutu: "My Italian is a bit rusty." Hiyo inamwandaa mgeni bila kukudhalilisha.

Maneno yanayomwangusha mtu

"Crafty" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu linafanana na "craftsman". Fundi wa kuchonga ni "a craftsman", kazi yake nzuri ni "craftsmanship", lakini mtu "crafty" ni mwenye hila. "Cunning" ni hivyo hivyo. Ukimwandikia mgeni kwamba dalali wako ni "crafty", umemwonya amkimbie.

Mpaka hina au mshonaji mwenye vidole vyepesi asiandikwe "light-fingered". Kwa Kiingereza huyo ni mwizi wa vitu vidogo vidogo. Sema "She has nimble fingers" au "a light touch".

"Notorious for" ni kujulikana kwa ubaya. Kwa wema ni "known for", "renowned for" au "famous for". "Exposed", ambalo Kenya hulitumia kwa mtu aliyetembea akaona dunia, nje ya hapa linamaanisha aliye wazi bila kinga. Andika "well travelled". "Smart" kwa Mmarekani ni mwenye akili, kwa Mwingereza mara nyingi ni aliyevaa vizuri.

Kisha kuna sifa zinazopoza. "Competent" kwenye leseni ni neno kamili, lakini kwenye barua ya kumpendekeza mtu linasema anafika tu. "Satisfactory" ni baya zaidi. "Quite good" kwa Mwingereza ni nzuri kiasi, si nzuri sana, kwa hiyo iondoe. Na ukiandika tu kwamba mtu ni "hardworking" na "always tries his best", msomaji mzoefu atajiuliza mbona hujataja anachokiweza. Juhudi itajwe baada ya ustadi.

"The best captain in Lamu" imeandikwa na kila mtu, hivyo haimsaidii yeyote. Nguvu iko kwenye mwaka, mahali na kitu.

Vyeti na lugha

Mgeni hajui vyeti vyetu, kwa hiyo kila kimoja kipewe maneno machache ya kukifafanua. Mitihani ya ufundi ya NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, huanzia Grade III na kupanda hadi Grade I. Wageni hudhani namba kubwa ndiyo ya juu. Andika "He holds a Grade II trade test certificate in carpentry (Grade I is the highest)." Waongozaji wenye mtihani wa KPSGA, chama cha waongozaji wa safari wa Kenya, wana bronze, silver na gold, na mpangilio huo unajieleza. Kwa wazamiaji wa Watamu, "Open Water" ya PADI, shirika la mafunzo ya uzamiaji, ni ngazi ya mwanzo, na "Divemaster" ndiyo ya kwanza ya kazi. Aliye na Open Water asiitwe "a professional diver".

Lugha ina ngazi zake. "Fluent in Italian" ni kuongea bila kukwama juu ya jambo lolote la kawaida, pamoja na mgeni akiugua au akigombana na hoteli. "Good Italian" iko chini yake. "Conversational Italian" ni ya mazungumzo. "He gets by in Italian" ni ya kujikimu: bei, njia, salamu. "Some Italian" ni maneno machache. Ipo pia mizani ya Baraza la Ulaya yenye ngazi sita, A1 hadi C2, na wageni wa Ulaya huijua. Aliyepimwa aiandike, asiyepimwa asijipangie.

Kuunganisha

Chukua maelezo haya, ya aina inayoonekana mara nyingi: "Captain is very very good in sailing and is having experience of many years. He is crafty and he is the best in Lamu." Hakuna mwaka, hakuna mahali, kuna "in" isiyofaa na kuna neno la hila. Sasa rudi kwenye majibu yako ya Kiswahili na uyajaze:

"Our captain has been sailing these waters since 1996. He knows the channels around Manda like the back of his hand, and he is especially good with children and first-time sailors. He is licensed, and there is a life jacket on board for every passenger."

Sentensi ya kwanza ina wakati na mahali. Ya pili ina nahau moja, kisha inamgusa msomaji mwenyewe: mwenye watoto, mwenye hofu ya maji. Ya tatu ni kitu atakachokihesabu kwa macho akipanda. Kama jaketi ni pungufu, sentensi hiyo haiandikwi mpaka zinunuliwe. Maneno "best" na "expert" hayamo, na hayatafutwi.

Mchongaji: "He learned the trade from his father and has been carving doors for over thirty years. He specialises in traditional Lamu doors and can also work from a drawing or photograph." Baada ya hapo weka majuma ambayo fundi mwenyewe amekutajia kwa mlango mmoja na fremu yake, na picha mbili: moja ya mlango mzima, moja ya nakshi kwa karibu.

Mpishi wa Malindi: "She is an excellent cook with twelve years' experience in hotel kitchens. She specialises in Swahili seafood dishes and is used to cooking for groups of up to twenty. She does not bake, but we can order cakes in town." Sentensi ya mwisho watu huogopa kuiweka. Iwekwe. Mgeni akishaona umemwambia kisichowezekana, anayaamini yaliyotangulia.

Ukiwa gatini, uso kwa uso

Kwa mdomo, fupisha. Unamtambulisha nahodha, unasema "You're in good hands", imetosha. Ukiongeza sifa tano mbele yake utamfanya ainamishe macho, na mgeni hatajua kwa nini.

Nahodha akisifiwa, adabu yetu humwelekeza kusema anajaribu tu. Kwa Kiingereza "I am just trying" inaweza kusikika kama ndiyo kwanza anajaribu, na chombo kimeshaondoka. Badala yake aseme "Thank you, I've been doing this a long time." Ni unyenyekevu na ni kweli.

Katika matamshi, "expert" hukazwa mwanzo, EKS-pat, na "expertise" mwisho, eks-pa-TIIZ. Herufi "k" ya "knack" na "know-how" haitamkwi.

Kabla ya kutuma, mtafsirie mwenyewe sifa zake kwa Kiswahili umsomee. Akisema hilo silo lake, lifute hata kama Kiingereza chake ni kizuri. Kisha angalia tarehe. Kwenye kibao cha mbao au karatasi iliyochapishwa andika "since 2009", usiandike "for fifteen years". Miaka huongezeka kila Januari, na kibao hakipakwi rangi upya kila mwaka.